Shingo inauma kila siku? Tiba inaanzia kwenye mazoezi, si kwa kinyozi

Ni asubuhi. Mtu anaamka, anageuza kichwa kutafuta simu, na shingo inakataa. Upande wa kulia haugeuki, bega limekakamaa, na maumivu yanapanda kisogoni mpaka nyuma ya jicho. Jana yake hakuanguka wala hakubeba mzigo. Alilala kitandani, kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili, akiangalia video hadi saa 7 usiku.

Kinachofuata wengi wanakijua. Panadol mbili. Kesho yake mafuta ya kuchua. Yakigoma, sindano ya maumivu kwenye duka la dawa la mtaani. Mwisho wa wiki, baada ya kunyolewa, kinyozi anamshika kidevu na kisogo, anazungusha kichwa kwa nguvu, "ka!" Mtu anatoka saluni akijisikia mwepesi. Siku mbili tatu baadaye, maumivu yamerudi palepale.

Wataalamu wa fiziotherapia, ambao mtaani huitwa madaktari wa mazoezi, huwapokea wagonjwa wa aina hii mara kwa mara. Wanachowaambia huwashangaza wengi: shingo hii haina haja ya kuvunjwa, na wala haihitaji kupumzishwa sana. Inahitaji kuchezeshwa na kuongezewa nguvu, kidogo kidogo, kila siku.

Tatizo lenyewe si dogo. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa mwaka 2020 watu wapatao milioni 203 duniani walikuwa na maumivu ya shingo, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Idadi hiyo inatarajiwa kufika milioni 269 ifikapo mwaka 2050.

Shingo inabeba nini?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, sawa na mfuko wa unga wa kilo 5. Kinakaa juu ya pingili 7 za shingo. Twiga naye anazo 7 tu, ila za kwake ni ndefu.

Kati ya pingili kuna diski laini zinazopunguza mtikisiko. Pembeni hutokea mishipa ya fahamu inayoshuka mpaka kwenye vidole vya mikono. Kuzunguka yote hayo kuna misuli: mingine mikubwa ya nyuma inayoshuka mabegani, mingine midogo iliyojificha ndani, mbele ya mifupa ya shingo.

Kichwa kikikaa juu ya mabega, mifupa inabeba sehemu kubwa ya uzito. Kikisogea mbele au kuinama, misuli ya nyuma ndiyo inakishikilia kisidondoke.

Mwaka 2014, Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo huko New York, Marekani, alipiga hesabu kwa kutumia kompyuta. Alikadiria kuwa kichwa kikiinama nyuzi 60, yaani kama mtu anavyoinamia simu aliyoiweka mapajani, shingo inahisi mzigo wa kilo 27 hivi. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Kwa hesabu hiyo, ni zaidi ya ndoo iliyojaa.

Picha hiyo ilisambaa sana mitandaoni, na watu wakaanza kuogopa kuinama. Lakini hayo yalikuwa makadirio ya kompyuta, si vipimo vilivyochukuliwa kwenye shingo za watu. Na hapo kuna jambo ambalo mara nyingi halisemwi.

Je, kuinama ndiko kunakoumiza?

Si moja kwa moja. Utafiti uliofanywa Rio de Janeiro, Brazil, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwachunguza vijana 150 wenye umri wa miaka 18 hadi 21. Watafiti walitaka kujua kama wanaoinamisha sana shingo wakitumia simu ndio wanaoumwa zaidi. Hawakuona uhusiano huo.

Kwa hiyo kuinama kwenyewe si sumu. Shingo imeumbwa iiname, igeuke na itazame juu. Anayechambua mchele anainama. Anayepanda mahindi anainama. Fundi cherehani anainama.

Shida inaanza mtu anapokaa mkao mmoja kwa muda mrefu bila kubadilisha, huku misuli yake haina nguvu ya kutosha kuhimili kazi hiyo.

Kuna jaribio rahisi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, nyoosha mkono mbele, uishikilie hapo. Mwanzoni ni nyepesi kabisa. Baada ya dakika chache bega linawaka moto na mkono unatetemeka. Uzito wa chupa haujaongezeka. Msuli ndio umekaa umekazwa muda mrefu, na msuli uliokazwa bila kuachia haupitishi damu vizuri.

Ndivyo inavyokuwa kwa misuli ya shingo ya mtu anayeperuzi simu saa mbili mfululizo, mhasibu aliyekodolea kompyuta toka asubuhi, fundi simu aliyeinamia saketi, au dereva wa lori aliyesogeza kichwa mbele safari nzima.

Yapo na mengine yanayochochea: usingizi mchache, msongo wa mawazo na kutoushughulisha mwili. Mtu mwenye mawazo mengi hupandisha mabega bila kujua, na anaweza kushinda hivyo siku nzima.

Ndiyo maana wataalamu wengi siku hizi hawamwambii mgonjwa akae wima kama askari wa gwaride. Kukaa wima bila kusogea nako kunachosha. Wanachosisitiza ni kubadilisha mkao mara kwa mara.

Mbona dawa inatuliza halafu maumivu yanarudi?

Kwa sababu dawa inazima maumivu lakini haiongezi nguvu ya msuli. Siku chache za dawa zinaweza kumsaidia mtu alale na aanze kusogea. Hilo si baya. Ubaya ni pale zinapogeuka kuwa tiba ya kila wiki.

Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa muda mrefu bila ushauri zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo. Mwenye presha, ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo, au mjamzito hapaswi kujinunulia tu dukani.

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika Minnesota, Marekani, kwa watu 272 waliokuwa na maumivu ya shingo. Kundi moja lilipewa dawa. La pili lilinyooshwa shingo na wataalamu wenye leseni. La tatu lilifundishwa mazoezi mepesi ya kufanya nyumbani, likaambiwa liyarudie mara kadhaa kwa siku. Baada ya wiki 26, waliofanya mazoezi nyumbani walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliotumia dawa, na hawakuachwa nyuma na walionyooshwa.

Yaani mazoezi ya bure, sebuleni, yalikwenda sambamba na mikono ya mtaalamu.

Na kinyozi je?

Ule mlio wa "ka!" si mfupa kurudi mahali pake. Ni viputo vya gesi kwenye majimaji ya kiungo. Nafuu inayofuata ni ya kweli, lakini ni ya muda mfupi, kwa sababu misuli imebaki vilevile.

Hatari yake haionekani kwa macho. Ndani ya pingili za shingo kuna matundu, na kila upande unapita mshipa mkubwa wa damu unaokwenda nyuma ya ubongo. Kichwa kikizungushwa ghafla na kwa nguvu, ukuta wa ndani wa mshipa huo unaweza kuchanika. Damu huganda hapo, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo huleta kiharusi. Haitokei mara nyingi, lakini imeshatokea kwa watu waliokuwa wazima, wakiwemo vijana.

Kinyozi hana namna ya kujua nani ana mshipa dhaifu, nani ana diski iliyotoka, na nani ana ugonjwa kwenye mfupa. Kuchuliwa mabega na kichwa taratibu hakuna neno. Lakini mkono ukishika kidevu, ni bora kusema, "Kaka, shingo usiivunje, asante."

Ukifika kwa mtaalamu, nini kinafanyika?

Wengi hufika wakitegemea mashine au wakitaka picha ya eksirei. Mara nyingi si lazima. Watu wengi wazima wana diski zilizochakaa kidogo kwenye picha na hawaumwi popote. Picha huombwa pale daktari anapohisi kuna jambo kubwa zaidi.

Siku ya kwanza ni ya maswali na vipimo vya mikono. Maumivu yalianza lini? Yanashuka mkononi? Unafanya kazi gani, unalala vipi? Kisha mgonjwa anageuza shingo kila upande, anasukuma kwa mikono, anagongwa kwa nyundo ndogo ya mpira kwenye viwiko, na kuguswa vidole kuona kama kuna ganzi.

Baada ya hapo mtaalamu anaweza kutumia mikono yake kulegeza misuli na kusogeza viungo taratibu. Hiyo inafungua njia tu. Tiba yenyewe ni mazoezi ambayo mgonjwa anakwenda kuyafanya nyumbani. Asiyeyafanya atarudi wiki ijayo na maumivu yaleyale.

Kola ya shingo nayo si ya kujinunulia. Ikivaliwa muda mrefu bila sababu, misuli inazidi kulegea.

Mazoezi matano ya kuanzia

Haya ni ya mtu mwenye maumivu ya kawaida ya shingo na mabega, asiye na dalili za hatari zilizotajwa chini. Kuhisi msuli unavutika ni kawaida. Maumivu makali, kizunguzungu, au ganzi inayoshuka mkononi ni ishara ya kuacha.

1. Kurudisha kidevu. Kaa umeegemea ukuta, macho mbele. Vuta kidevu nyuma kama mtu anayetaka kutengeneza videvu viwili, bila kuinamisha kichwa. Shikilia sekunde 5, achia. Rudia mara 10. Zoezi hili linaamsha ile misuli midogo ya ndani, mbele ya shingo, ambayo mara nyingi huwa imelala.

2. Kugeuka. Geuza uso polepole kuelekea bega la kulia hadi unapoweza, kaa sekunde 3, kisha kushoto. Mara 10 kila upande. Usisaidie kwa mkono.

3. Kulaza shingo. Laza sikio kuelekea bega bila kupandisha bega lenyewe. Kaa sekunde 20, kisha badilisha upande. Mara 3 inatosha.

4. Kubana mabega nyuma. Mikono ikiwa pembeni, vuta mabega nyuma na chini, kama unataka kubana kalamu katikati ya mgongo. Sekunde 5, mara 10.

5. Mpira. Hapa ndipo nguvu inapojengwa. Kata kipande kirefu cha tyubu ya baiskeli iliyochakaa, kioshe. Kanyaga katikati, shika ncha mbili, kisha inua mikono pembeni, ikielekea mbele kidogo, mpaka usawa wa mabega. Shusha taratibu. Endelea hadi misuli ichoke, bila maumivu makali. Ukiona ni rahisi mno, kunja mpira uwe mfupi zaidi.

Zoezi hili la mpira lina historia. Watafiti wa Copenhagen, Denmark, waliwapa mpira wafanyakazi 198 wa ofisini waliokuwa wakiumwa shingo na mabega mara kwa mara. Baadhi walifanya dakika 2 tu kwa siku, wengine dakika 12, siku 5 kwa wiki. Baada ya wiki 10 makundi yote mawili yalikuwa na maumivu kidogo kuliko wenzao ambao hawakupewa mazoezi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011.

Dakika 2 ni fupi kuliko muda wa kusubiri chai ichemke. Kwa hiyo kisingizio cha "sina muda" hapa hakina mashiko.

Simu, meza na mto

Mazoezi peke yake yatachelewa kama saa nyingine zote za siku zimebaki vilevile. Mambo machache yanasaidia:

Simu iinuliwe kuelekea usawa wa kifua, viwiko vikiwa vimeegemea mwili, mto au mkoba. Video ndefu ni afadhali kuitazama simu ikiwa imesimamishwa mezani.

Kompyuta mpakato ni mtihani, maana kioo kikiwa juu, kibodi nayo iko juu. Anayeitumia kutwa anaweza kuiinua kwa vitabu au boksi na kutumia kibodi ya pembeni.

Kila nusu saa, simama. Weka kengele kwenye simu ileile inayokuumiza. Nyanyuka, zungusha mabega, nenda kachote maji ya kunywa, rudi. Kwa mwenye duka au fundi cherehani, ni nafasi ya kumfuata mteja mlangoni badala ya kumsemesha akiwa amekaa.

Mpigaji simu nyingi asibane simu kati ya sikio na bega. Ni mojawapo ya njia za haraka za kuikaza shingo upande mmoja.

Kitandani, mto mmoja wenye unene wa kujaza nafasi kati ya kichwa na bega unatosha. Anayelala kifudifudi hulaza shingo ikiwa imegeuzwa usiku kucha, kwa hiyo akijaribu kulala ubavu au chali huenda akaamka na nafuu.

Wakati shingo imekaza sana, kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, kwa dakika 15 hivi, kinalegeza. Kisiwe cha moto wa kuunguza. Kisha fanya mazoezi, usirudi kulala.

Itachukua muda gani?

Maumivu mapya mara nyingi hupungua ndani ya wiki chache. Nguvu ya misuli inachukua muda mrefu zaidi, wiki 6 hadi 12 za mazoezi bila kuruka ruka. Wengi hukosea hapa. Wiki ya pili wanasikia nafuu, wanaacha. Mwezi haujaisha, wanarudi walikotoka, na wanasema mazoezi hayafanyi kazi.

Siku mbaya zitakuwepo. Maumivu kuongezeka siku moja baada ya mazoezi hakumaanishi kuna kitu kimevunjika. Punguza idadi, usiache kabisa.

Usisubiri ukiona haya

Si kila shingo inayouma ni ya simu. Nenda hospitali haraka kama:

- Maumivu yameanza baada ya ajali, kuanguka au kipigo. Aliyeanguka na bodaboda asigeuzwe geuzwe shingo mpaka achunguzwe.
- Kuna homa, kichwa kinauma sana, shingo haikubali kuinama na mwanga unakera macho. Hizo zinaweza kuwa dalili za homa ya uti wa mgongo.
- Mkono au mguu unapoteza nguvu, vitu vinadondoka mkononi, unayumba ukitembea, au unashindwa kuzuia mkojo au choo.
- Unapungua uzito bila sababu, unatoka jasho usiku, au maumivu yanazidi usiku na hayatulii hata ukilala. Kifua kikuu na saratani vinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo.
- Ghafla mdomo unapinda, maneno hayatoki vizuri, unaona vitu viwili viwili au unapata kizunguzungu kikali, hasa baada ya kuvunjwa shingo. Hizo ni dalili za kiharusi.
- Maumivu ya shingo au taya yanakuja pamoja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi. Huo unaweza kuwa moyo.

Pia ganzi au maumivu yanayoshuka mkononi, au maumivu yasiyopungua baada ya wiki 6 za kujitahidi, yanahitaji kuonwa hata kama si ya dharura.

Pa kwenda

Tanzania, hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha fiziotherapia, na hospitali ya KCMC mjini Moshi inafundisha wataalamu hao. Kenya, hospitali nyingi za kaunti zina huduma hiyo, na tangu mwaka 2014 ipo sheria inayotaka wataalamu hao wasajiliwe na baraza lao. Popote ulipo, una haki ya kuuliza kama anayekugusa shingo amesomea na amesajiliwa.

Mwenye kipato kidogo anaweza kumwambia mtaalamu mapema: "Sitaweza kuja kila wiki, nifundishe nikafanye nyumbani." Mtaalamu mzuri hatakasirika. Atampangia mazoezi machache, atamwomba ayafanye mbele yake ahakikishe anayapatia, kisha atampa tarehe ya kurudi baada ya wiki kadhaa kuona maendeleo. Ile tyubu ya baiskeli itamtosha mpaka siku hiyo.